Bibi Harusi na Kikombe cha Kahawa

Acheni kwanza mnachofanya. Nina habari ya Mama yangu, na nisipoitoa leo nitapasuka kama puto.

Kwetu Caruaru, mtaa wa Salgado, siku haianzi kwa jogoo. Inaanza kwa cherehani. Ya Mama inalia, ya Baba inajibu. Mama anashona mifuko ya jeans, Baba anatia zipu, na mimi nisipokuwa na kipindi chuoni nakata nyuzi. Katikati ya meza kuna redio, chupa ya kahawa na vikombe vitatu vidogo vya udongo. Vidogo kweli. Kahawa yetu ni kali, hainywewi kwa bilauri.

Mama anaitwa Lindalva. Ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka ishirini ndiye anayeshona gauni la bibi harusi wa mtaa wetu. Si harusi ya kanisani! Ni ile ya mchezo, ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mwezi wa sita. Kabla ya kucheza ngoma yetu ya kadrilya, tunaigiza ndoa. Bwana harusi anataka kutoroka, polisi wanamkamata, padri amelewa, bibi harusi analia kwa mayowe mpaka watu wanashika mbavu. Halafu kinanda cha kodiani kinaanza, na mtaa mzima unacheza kuuzunguka moto.

Miaka ishirini, magauni ishirini. Mama hakuwahi kuvaa hata moja. Alikuwa mnene sana. Magoti yalimuuma, pumzi ilimkata. Kila sikukuu alikaa kitini kando ya sufuria za mahindi, akipiga makofi.

Mwaka huu wamemchagua yeye. Na bwana harusi ni Baba!

"Miaka thelathini ya ndoa," Baba akasema, "na bado watu wananilazimisha kuoa."

"Safari hii ukitoroka, Aderbal, kuna polisi," Mama akamjibu.

Sasa mtaniuliza, Mama alipunguaje? Hapo ndipo penye siri.

Mwaka jana alikwenda Recife, mji mkubwa wa pwani. Majirani waliambiwa anamuuguza shangazi. Shangazi gani? Shangazi yetu wa Recife alikuwa mzima kabisa, anacheza karata! Aliyelazwa hospitali ni Mama. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Madaktari walimtengea kipande kidogo cha tumbo, wakakiunganisha na utumbo kwa njia mpya. Tangu hapo anakula kidogo kidogo na kutafuna polepole, na kila siku anameza vitamini zake. Amepungua kilo hamsini. Kisukari kimetulia, amebaki na kidonge kimoja tu.

Lakini mtaani alisema ni nadhiri.

"Nilimwahidi Mtakatifu Yohane," aliwaambia. "Mwaka mzima sili pamonha, mkate wetu wa mahindi wa sikukuu, na kila Ijumaa napanda kilima cha Bom Jesus kwa miguu."

Watu wakaamini! Kila Ijumaa wanawake na wazee wa Salgado walikuwa wakipanda ngazi za kilima, wanahema, na wanashuka na kilo zao zote.

"Mama, unawadanganya," nilimwambia.

"Sidanganyi. Nadhiri niliiweka, na kilima nilikipanda. Upasuaji nimeuruka tu katika hadithi."

"Kwa nini uuruke?"

"Watasema nimepita njia ya mkato. Ningesema, wasingenipa gauni."

Tena kuna kadi. Hospitali ilimpa kadi inayosema kwamba amekatwa tumbo, ili kwenye mikahawa apewe nusu sahani. Tukiwa Recife, ambako hakuna anayetujua, Mama anaichomoa kama polisi. "Kijana! Soma hapa. Nusu sahani, na nyama isiwe na mafuta." Tukirudi Caruaru, kadi inalala ndani ya droo, chini ya vifungo.

Haya. Mwezi wa tano, maumivu yakaanza. Mama akimaliza kula, tumbo linambana upande wa kulia, anainama, anangoja lipite. Baba akazima cherehani.

"Lindalva, twende kwa daktari."

"Ni gesi."

"Gesi haimfanyi mtu awe mweupe kama uzi."

Tukaenda Recife. Daktari aliyempasua akamsikiliza, akambonyeza tumbo, akakunja uso kidogo.

"Bi Lindalva, baada ya upasuaji kama wako, mara nyingine utumbo hujisokota ndani. Hilo ni jambo la hatari. Lakini inaweza pia kuwa kitu kidogo tu. Siwezi kukisia. Nataka upigwe picha ya tumbo kwa mashine ya skani. Kapigwe huko huko kwenu."

"Na ngoma, daktari? Mimi ni bibi harusi mwezi wa sita."

Daktari akaniangalia mimi, akamwangalia Baba. Baba akainua mkono. "Mimi ndiye bwana harusi."

"Bila picha hakuna ngoma," daktari akasema. "Na nisikilizeni vizuri. Maumivu yakizidi, au ukitapika bila kukoma, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali ya dharura saa hiyo hiyo."

Njia nzima Mama alihesabu siku kwa vidole. Gauni lilikuwa limekwisha kukatwa. Lilikuwa linamngoja mezani, jeupe, na riboni za rangi saba.

Siku ya skani tulikwenda mimi na yeye. Mlango wa chumba cha picha ukafunguka, na nani akatoka? Ednaldo! Ednaldo mpiga kodiani wetu! Nilijua anafanya kazi hospitali, ila nilidhani anasukuma vitanda. Kumbe ndiye fundi wa skani. Amevaa koti jeupe, suruali nyeupe, na viatu vyeupe vipya vinavyong'aa.

"Bibi harusi!" akaita. "Karibu, karibu. Jaza karatasi hii kwanza."

Mama akashika kalamu. Nikasoma juu ya bega lake. Swali la tatu liliuliza: Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote? Mama akaandika, kwa herufi kubwa: HAPANA.

Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga na yeye.

"Mama!" nikanong'ona.

"Nyamaza, Juci. Leo akijua Ednaldo, kesho inapigwa kwenye kodiani."

Ednaldo akaleta chupa ya lita nzima na bilauri kubwa.

"Hii ni dawa ya kung'arisha picha," akasema. "Inapita tumboni na kwenye utumbo, ili mashine ione njia yake vizuri. Unaimaliza kwa saa moja. Ladha yake si tamu sana, pole."

Hapo nikaingiza na kosa langu. Jamani, niliona nasaidia! Mkobani nilikuwa na juisi ya mabibo, ya sukari nyingi.

"Tunaweza kuchanganya na juisi?" nikauliza.

Ednaldo akaangalia karatasi. Upasuaji, hapana. "Wengine huchanganya. Sawa, kidogo tu."

Kidogo? Mimi nikamimina.

Mama akanywa bilauri ya kwanza kwa haraka, maana aliona mwanamume wa kando anashusha yake kama maji. Akashika ya pili. Alipofika nusu, jasho likamtoka usoni. Akaweka bilauri chini.

"Juci, moyo wangu unakimbia."

"Bi Lindalva?" Ednaldo akaja mbio. "Unajisikiaje? Inama mbele kidog…"

Hakumaliza. Mama alitapika. Yote. Juu ya vile viatu vyeupe.

Ednaldo hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimshika mabega, akamkalisha, akaita nesi ampime presha na sukari. Kisha akauliza polepole, "Bi Lindalva, una hakika hujawahi kupasuliwa?"

"Hakika," Mama akasema, macho chini. "Ni kuskusi ya asubuhi imenikaa vibaya."

Kuskusi! Hakuwa amekula chochote tangu jana yake!

Picha haikupigwa. Tukapewa siku nyingine, siku kumi mbele. Sikukuu ingebaki siku tano tu. Tulirudi nyumbani, Mama akalikunja gauni, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mpelekee Bi Marinalva," akaniambia. Bi Marinalva ndiye kiongozi wa ngoma yetu. "Amtafute bibi harusi mwingine."

Sikulipeleka. Nililificha chini ya kitanda changu. Mimi si mjinga.

Kesho yake asubuhi, Da Quitéria akabisha hodi. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Kila mwezi anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake, anauliza nani anaumwa, nani ana mimba, nani hajachanjwa. Salgado nzima humfungulia mlango Da Quitéria, hata mbwa hawambwekei.

Akasimama mlangoni, akasikiliza.

"Mbona cherehani moja tu inalia?"

Mama alikuwa amelala kwenye kochi, mto tumboni. Da Quitéria akakaa, akamimina kahawa yake mwenyewe, akasema, "Haya, Lindalva, niambie. Mimi najua ulikwenda Recife kufanya nini. Niliandika mimi mwenyewe barua ya rufaa, umesahau? Mwaka mzima huu umesikia nimemwambia mtu?"

Mama akaanza kulia. Akasimulia yote: maumivu, karatasi, juisi, viatu. Alipofika kwenye viatu, Da Quitéria akajiziba mdomo. Mabega yakamtikisika. Mama akamtazama, na yeye akashindwa, akacheka huku machozi yanatoka.

"Vilikuwa vipya?"

"Vipya kabisa, Quitéria! Vinang'aa!"

Walipotulia, Da Quitéria akachukua kikombe kimoja cha udongo, akakiweka mezani. Kando yake akaweka jagi letu la maji.

"Hili jagi ni lita moja. Juci, jaribu kulimimina lote ndani ya kikombe hiki."

"Litamwagika."

"Limwage, tuone."

Nikamimina. Maji yakafurika mezani, Baba akaruka kuokoa jeans.

"Basi," Da Quitéria akasema. "Lindalva, tumbo lako sasa ndilo kikombe hiki. Jana ulilimiminia jagi. Tena jagi la sukari! Mtu aliyekatwa tumbo kama wewe, sukari nyingi ikiingia kwa haraka inashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Mwili unashtuka. Moyo unakimbia, jasho linatoka, kizunguzungu, kutapika. Hukuwa unakufa. Ulikuwa umekunywa vibaya."

"Kwa hiyo siwezi kupigwa picha?" Mama akauliza. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Unaweza sana! Watu waliopasuliwa kama wewe wanapigwa kila siku. Ila lazima uwaambie watu wa picha. Wao ndio watakaosema unywe kiasi gani, na kwa muda gani. Pengine kidogo kuliko wengine. Pengine polepole zaidi. Usipunguze mwenyewe kwa kificho, na usijilazimishe kwa aibu."

Baba akaja na kiti, akakaa. "Na yule daktari anayesoma picha, yeye haoni mwenyewe kwamba tumbo limekatwa?"

"Aderbal, wewe ni fundi. Nikikuletea suruali niliyoibadilisha mshono, nikakwambia sijaigusa, utaitengenezaje?"

Baba akatikisa kichwa. "Nitaharibu."

"Ndiyo hivyo. Tumbo la Lindalva lina njia mpya. Daktari asipoambiwa, anaweza kuona kitu cha kawaida akadhani ni ugonjwa. Au akakosa kuuona ugonjwa wenyewe. Mpelekeeni ile ripoti ya upasuaji kutoka Recife. Ipo?"

Nikafungua droo. Ripoti ilikuwa chini ya vifungo, pamoja na ile kadi. Da Quitéria akaiinua kadi.

"Ahaa! Na hii?"

"Hiyo ni ya mikahawa," Mama akasema.

"Lindalva! Unamwonyesha mhudumu wa mkahawa ili akupe nusu sahani, halafu mtu wa hospitali anakupa lita nzima na wewe kimya?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama akamtupia kibanio cha nguo.

"Haya, Juci, wewe msomi, andika," Da Quitéria akasema. Nikaandika nyuma ya karatasi ya mitindo.

Kwanza, kupiga simu hospitali mapema, si kungoja siku yenyewe. Kuwaambia ni upasuaji gani na ulifanyika lini. Kuuliza saa ngapi aache kula, na dawa ainyweje. Kumuuliza daktari kuhusu kidonge cha kisukari, maana kuna vidonge vingine husimamishwa kwa muda na vingine haviguswi, na siku ya kufunga, sukari inaweza kushuka. "Usiamue mwenyewe. Uliza. Na omba miadi ya asubuhi, usikae na njaa mchana kutwa." Kuchukua orodha ya dawa zote na vitamini. Kusema kama kuna dawa au chakula kinachomdhuru. Kupimwa damu kuangalia figo, kama wakitaka, kwa sababu ipo dawa nyingine ya kung'arisha inayochomwa mshipani, na figo ndizo zinazoitoa.

"Na kuwaambia kama una mimba."

Baba akamwangalia Mama. Mama akamwangalia Baba.

"Quitéria," Mama akasema, "nina miaka hamsini na miwili."

"Mimi nasoma daftari tu! Kila mwanamke anaulizwa."

Tulicheka, jamani. Halafu Mama akaacha kucheka.

"Lakini Ednaldo. Atajua."

Da Quitéria akafunga daftari. "Ednaldo amepiga picha matumbo ya nusu ya mji huu. Umewahi kumsikia akisimulia hata moja? Anachokiona kwenye mashine hakiingii kwenye kodiani. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtaa utajua siku utakayotaka wewe, usipotaka usiseme. Lakini hospitali lazima ijue. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Mama alikaa na simu mkononi muda mrefu. Mwishowe akabonyeza. Akaomba chumba cha picha.

"Haloo, Ednaldo? Mimi… mimi ndiye wa viatu."

Tulisikia sauti yake ikicheka upande wa pili. "Bibi harusi! Vimekwisha kukauka. Hujambo?"

"Ednaldo, nilikuandikia uongo. Swali la tatu." Akavuta pumzi. "Mwaka jana nilikatwa tumbo."

Nilidhani atakasirika. Wapi!

"Ah, asante kwa kuniambia!" Ednaldo akasema. "Niliogopa sana siku ile, nikafikiri mimi ndiye nimekosea. Sasa tunajua. Nitaongea na daktari wa picha akupangie kiasi chako. Uje mapema kuliko saa uliyopewa, uwe na muda wa kunywa polepole. Lete ripoti. Na juisi ya Juci ibaki nyumbani."

"Nimesikia!" nikapiga kelele.

"Na Bi Lindalva, usivae jeans. Zipu na vifungo vya chuma vinaharibu picha."

Mama akaiangalia meza yetu, milima ya jeans. "Katika nyumba hii, Ednaldo, hilo ndilo gumu kuliko yote."

Siku ya kumi Mama alivaa gauni la pamba lisilo na hata kifungo. Mkobani alikuwa na ripoti, orodha ya dawa, majibu ya damu, na kikombe chake cha udongo kimefungwa kwenye leso. Alijaza karatasi upya. Kwenye swali la tatu aliandika NDIYO, tena akapiga mstari chini yake.

Daktari wa picha alikuwa amepunguza dawa na kuongeza muda. Safari hii ilichanganywa na maji matupu. Ednaldo akaijaza kwenye kile kikombe.

"Sasa sikiliza mtindo wetu. Mimi nitapiga mluzi. Beti moja ikiisha, funda moja. Beti haijaisha, hakuna kunywa. Ukihisi kujaa, unainua mkono, tunasubiri. Hakuna mashindano hapa."

Akapiga mluzi wimbo wa kadrilya huku anapanga mafaili. Funda. Beti. Funda. Wagonjwa wengine wakaanza kugonga miguu. Mwanamume mmoja wa kando, mwenye lita nzima, akaona wivu. "Na mimi nipigiwe, jamani!"

Kikombe baada ya kikombe, dawa ikaisha. Hakuna jasho, hakuna kutapika. Viatu vya Ednaldo vikabaki vyeupe.

Mama akaingia ndani. Alilala kwenye kitanda kinachosogea, mikono juu ya kichwa. Mashine ni duara kubwa, wazi pande zote mbili, haimfungii mtu. Sauti ilimwambia avute pumzi, aishike, aiachie. Ile dawa ya mshipani ikamletea joto mwili mzima. Alipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa hili, kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Juci! Nilidhani nimejikojolea!"

"Kila mtu hudhani hivyo," Ednaldo akasema. "Leo kunywa maji, kidogo kidogo mpaka jioni."

Siku mbili baadaye, Recife. Daktari alitundika picha kwenye taa. Baba alinishika mkono.

"Picha safi sana," daktari akasema. "Waliipiga wakijua wanachotafuta. Mishono yako ni mizima. Utumbo haujasokotwa popote."

Mama akafanya ishara ya msalaba.

"Maumivu yanatoka hapa. Mfuko wa nyongo una vijiwe. Mtu akipungua haraka, vijiwe hivi huja mara nyingi. Nimekupima na ultrasaundi pia, nayo inasema hivyo hivyo. Tutautoa mfuko huo mwezi wa saba, kwa matundu madogo. Mpaka hapo, mafuta marufuku. Na lile onyo langu la dharura bado lipo."

"Na ngoma?" Baba akauliza kabla ya Mama.

Daktari akatabasamu. "Cheza, bibi harusi. Ukichoka, kaa."

Mama alirudi nyumbani, akatafuta mfuko wa plastiki kila mahali. "Gauni liko wapi? Juci, ulilipeleka?" Nikaingia chini ya kitanda, nikatoka nalo. Sitawaambia jinsi alivyonikumbatia. Mbavu zangu bado zinauma.

Na jioni ya sikukuu! Moto mkubwa, harufu ya mahindi ya kuchoma, riboni kila mahali. Bi Marinalva ndiye padri, amevaa joho na tumbo la mto. Mnamjua Bi Marinalva? Miaka mitatu iliyopita alipungua ghafla, akasema ni maji ya bilinganya na ndimu. Mtaa mzima ukanywa bilinganya.

Baba alitoroka mara mbili, polisi wakamrudisha mara mbili. Mama alilia kwa mayowe mazuri ajabu, sijui alijifunza wapi. Ndipo padri akauliza kwa sauti ya kilevi:

"Kuna mtu mwenye neno la kuzuia ndoa hii?"

Hapo kwa desturi mwanamke mmoja hujitokeza na mdoli, akisema ni mtoto wa bwana harusi. Lakini kabla hajasogea, bibi harusi mwenyewe akainua mkono.

"Mimi ninalo."

Baba akanong'ona, "Lindalva, hii haimo kwenye mchezo."

Mama akaingiza mkono kifuani, akachomoa ile kadi, akaiinua juu karibu na moto.

"Majirani! Mtakatifu Yohane ananisikia, siwezi kumsingizia. Nadhiri niliiweka, lakini tumbo nilikatwa Recife! Huyo shangazi niliyemuuguza ni mimi mwenyewe!"

Kuni zikapasuka motoni. Halafu mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Na mimi niliyepanda kilima Ijumaa kumi na moja?"

"Una mapafu mazuri sasa!" Mama akamjibu.

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Watu wakapiga makofi, Ednaldo akabana kodiani, na Mama akacheza. Jamani, alicheza! Alikaa mara mbili kupumzika, akanywa funda la maji, akainuka tena. Miaka ishirini ya kukaa kando ya sufuria iliishia hapo, kwenye mavumbi, chini ya gauni lake mwenyewe.

Nilikuwa naokota riboni zilizoanguka nilipomwona padri akimvuta Mama kando, nyuma ya meza ya keki. Nikasogea. Nawaambia ukweli, nilisikiliza.

"Lindalva," Bi Marinalva akasema, "ile kadi…"

"Umekasirika? Ulitaka bibi harusi wa nadhiri?"

Bi Marinalva akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akatia mkono chini ya joho, chini ya lile tumbo la mto, akatoa kadi. Sawa kabisa na ya Mama.

"Marinalva! Na bilinganya?"

"Siwezi hata kuivumilia harufu yake." Kisha akapunguza sauti. "Jumanne nina skani. Kiuno na tumbo vinaniuma. Nimeshapewa ile karatasi ya maswali, nimeijaza. Nimeandika hapana."

Mama hakucheka. Hata mimi, ninayecheka kila kitu, sikucheka. Mama alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwetu, joho na gauni vikiburuta barabarani. Akawasha taa ya meza ya cherehani. Akachukua jagi, akachukua kikombe cha udongo, akaviweka kando kwa kando.

"Kaa hapa, padri," akasema. "Mimina, tuone."

Asubuhi Bi Marinalva alipiga simu hospitali. Jumanne akaenda mapema, ripoti mkononi, kikombe chetu mkobani kimefungwa kwenye leso. Alimaliza dawa yote, funda kwa beti, na picha ikatoka safi.

Kikombe mpaka leo hakijarudi. Bi Marinalva alimwazima binamu yake wa mtaa wa pili, mwenye kadi kama yao, na binamu amemwazima mtu mwingine ambaye simjui hata jina. Mezani kwetu vimebaki viwili. Baba na Mama wanakunywa kahawa, na mimi nangoja mmoja wao amalize.